Kamera ya nyuma kwa lori lenye tela: usinunue kabla hujajua unataka kuona nini

Simama pembeni ya lami ya Bariadi–Lamadi msimu wa pamba. Hutasubiri sana kabla lori halijapita na tela lake, pamba imefura juu na pembeni mpaka unajiuliza dereva anaona nini kwenye saitimira. Jibu ni fupi: anaona pamba.

Nyuma yake kuna bodaboda. Nyuma ya bodaboda kuna Noah, na nyuma ya Noah basi lenye haraka zake. Dereva wa lori anawasha indiketa ya kushoto, ishara ambayo barabara zetu zote zinaielewa: mbele kweupe, pita. Sasa kamwambia nani apite? Kama kamwona mmoja tu kati ya hao watatu, indiketa hiyo ni mtego.

Huko Ulaya na Australia, kamera ya nyuma kwa chombo kinachovutwa ni mazungumzo ya watu wanaokwenda likizo na karavani zao za kulala. Simiyu ni suala la kazi. Na tofauti hiyo inabadilisha kabisa kamera unayopaswa kununua.

Lami ilibadilisha mambo

Zamani kamera ya nyuma ilikuwa utingo. Alining'inia, akagonga bodi kwa kiganja, akapiga kelele "rudi, rudi, simama!" na kazi ikaisha. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, lori likienda taratibu, ilitosha.

Kipande cha Bariadi–Lamadi, kilomita 71.8, kilizinduliwa na Rais John Magufuli Januari 2017. Leo mzigo unaotoka kwenye ghala la AMCOS kijini, tuseme Kiloleli, unaanza kwenye vumbi au udongo mweusi wa mbuga, halafu unaingia lami ambako gari zito linaruhusiwa kufika kilomita 80 kwa saa. Lori na tela kwa pamoja vinaweza kuzidi mita 20. Utingo haoni mkia huo akiwa ndani ya kabini, na kumning'iniza nje kwa mwendo huo ni kumtafutia kifo.

Iliyokuja na gari haikusaidii

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Marekani ililazimisha kamera ya nyuma kwa magari mapya madogo kuanzia Mei 2018, na Umoja wa Ulaya ukataka kila gari jipya liwe na kifaa cha kutambua kilichopo nyuma kuanzia Julai 2024. Sheria zote hizo zinahusu gari kurudi nyuma, ili mtoto aliyesimama nyuma yako asikanyagwe. Haziongelei tela kwenye barabara kuu.

Kwa hiyo pikapu ya mtumba iliyokuja na kamera yake, ukishaifunga tela, inakuonyesha ubao wa mbele wa tela. Tena mpaka uweke gia ya rivasi. Ukiwa unakimbia, skrini imezima. Na ile mistari ya kijani, njano na nyekundu haijui kwamba nyuma yako kuna kitu kinachokunja kivyake.

Unachohitaji ni kamera inayofungwa nyuma ya tela lenyewe, juu, na inayowaka muda wote injini ikiwa imewashwa. Mwambie fundi umeme mapema asiiunganishe na waya wa taa ya rivasi. Wengi ndo wanavyofanya, kwa sababu ni rahisi.

Waya au bila waya?

Msimamo wangu: kwa tela refu, waya. Kamera za bila waya zinavutia, hakuna kutoboa wala kupitisha kebo. Lakini bodi la chuma na mzigo vinadhoofisha mawimbi, na nyingi za bei ya chini huchelewesha picha au kuikatakata.

Kuchelewa huko siyo jambo dogo. Basi likikuzidi kwa kilomita 30 kwa saa, linakusogelea zaidi ya mita 8 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, basi liko mita 4 karibu zaidi ya unavyoliona. Huo ni urefu wa gari dogo zima. Ukiongeza na muda wako wewe wa kuamua, umeshahama upande wakati mwenzio yuko ubavuni.

Kebo nayo ina shida yake: inakatikia kwenye maungio, pale kichwa na tela vinapokunja. Tumia waya wa kujikunja kama springi, wenye plagi ya kufunga kwa nati, ili tela likibadilishwa uchomoe bila mkasi. Kama kichwa chako kinavuta tela tofauti kila wiki, hapo nakubali bila waya ina hoja, ila uijaribu kwanza tela likiwa limejaa.

Angalia pia umeme. Pikapu ni volti 12, lori ni 24, na injini ikiwaka umeme wa lori unapanda hadi karibu 28. Kamera ya volti 12 ukiichomeka hapo, umeiunguza.

Upana wa picha ndiyo sehemu ambayo wauzaji wanaipamba kuliko zote. Nyuzi 170 zinasikika vizuri, yaani unaona kila kitu, lakini vyote vinaonekana vidogo na viko mbali. Nzuri kwa kurudi nyuma uani, mbaya kwa kukadiria basi linalokuja. Kwa barabara kuu, nyuzi 110 hadi 130 zinatosha. Kuhusu vumbi na maji, tafuta maandishi IP67 au IP69K. Ya pili inavumilia hata mpira wa presha wa kuoshea. Hata hivyo lenzi itafutwa kila asubuhi, hilo halina mjadala.

Usiku usitegemee sana. Taa ndogo za kamera zinamulika mita chache tu, zinazobaki ni taa za wanaokufuata. Na kama tela lako halina taa za nyuma wala reflekta, pesa ya kamera peleka huko kwanza. Tela lisiloonekana usiku linaua kabla hujafika kwenye habari ya skrini.

Kabla hujamlipa fundi, mpeleke utingo nyuma ya tela akiwa na ndoo nyekundu. Aanze kushoto, maana usukani wetu uko kulia na upande huo ndio dereva hauoni. Mwambie atembee taratibu hadi kulia, wewe ukiwa kwenye kiti unatazama skrini. Akienda kushoto kwake na skrini ikamwonyesha kulia, fundi abadilishe mpangilio wa picha papo hapo. Akipotea mahali, wekeni alama chini, na kamera ihamishwe mpaka aonekane.