Talaka Imetoka, Simu Bado ni ya Watu Wawili

Talaka inapotoka, wazee wetu wana mambo wanayojua kuyaulizia. Huuliza kama mahari imekwisha kulipwa au kuna baki. Huuliza eda itakaliwa wapi, masurufu ya watoto yatakuwa kiasi gani na vyombo vya ndani ni vya nani. Kitanda, kabati na cherehani, hata masufuria ya pilau huhesabiwa. Hayo ni mema, na yana nafasi yake katika sharia. Lakini katika vikao vya namna hiyo tulivyopata kuhudhuria, hatukumsikia mzee hata mmoja akiuliza: namba ya siri ya simu ya bibi anaijua nani? Barua pepe ya bwana imefunguliwa katika simu ya nani?

Swali hilo limetufikia kwa njia nyingine. Dada mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuuliza iwapo inafaa kwa mwanamke aliye katika eda ya talaka rejea kubadili namba zake za siri, au kufanya hivyo ni kumfungia mume mlango wa kurejea. Ni swali la mtu anayemcha Mwenyezi Mungu, na linastahiki jibu lililo wazi.

Jibu letu ni kwamba inafaa. Ni kweli kuwa talaka rejea haiukati uhusiano papo hapo. Mke hubaki katika nyumba ile ile, kama Sura At-Talaq inavyoelekeza, na mume ana haki ya kumrejea kabla eda haijaisha. Lakini kurejea kuna njia yake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mume hutamka kwa ulimi wake kwamba amemrejea mkewe, na ni vyema awepo wa kushuhudia. Anayetaka kutamka hilo hahitaji kwanza kusoma ujumbe ambao mkewe ameandikiwa na dada yake. Zaidi ya hayo, Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, wala hatuoni mahali ilipowatoa wanandoa katika katazo hilo. Imepokewa pia na Bukhari habari ya mtu aliyechungulia nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) kupitia tundu, naye Mtume akiwa na kichanio mkononi. Alimkemea kwa maneno makali sana, akafundisha kuwa hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Kioo cha simu leo ni tundu kubwa kuliko lile. Na tunayoyasema hapa yanamlinda mume vile vile, kwani wapo wake wanaojua namba za siri za waume zao na kuzitumia.

Tukija kwenye kazi yenyewe, wengi huanzia WhatsApp. Sisi twaona aanze na laini ya simu, maana ndiyo mama wa vyote: fedha za simu zimo humo, na kila akaunti inapotaka kumthibitisha mwenyewe hutuma tarakimu kwenye laini hiyo. Wasomaji wetu wa Tanzania watakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake ulisogezwa hadi Januari 20, 2020. Wapo wanawake ambao wakati ule hawakuwa na kitambulisho cha Taifa, wala hata namba yake, na mume kwa nia njema kabisa akaweka kidole chake ili mkewe asikatiwe mawasiliano. Ndoa ikaendelea, jambo likasahaulika. Sasa wameachana, na kwa kumbukumbu za kampuni ya simu laini ile ni mali ya bwana. Hahitaji ujanja wowote. Ataingia dukani, aseme laini imepotea, aweke kidole, apewe kadi mpya. Simu ya bibi itazima mtandao hapo hapo, na tarakimu zote za uthibitisho zitaanza kuingia mkononi mwa mwenzake wa zamani.

Kwa hiyo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa laini unayoitumia haimo, na yumkini imo kwa mumeo, njia bora ni kwenda nyote wawili kwenye duka la kampuni, kila mtu na kitambulisho chake, umiliki ukahamishwa. Jambo hili liingizwe katika kikao cha wazee, liandikwe pamoja na kabati na cherehani. Bwana akikataa, usishindane naye. Sajili laini mpya kwa jina lako, hamisha fedha zako, peleka namba mpya benki, na utumie ile sehemu ya WhatsApp ya kubadili namba. Ukishamaliza ndipo uiache laini ya zamani. Ukiiacha kwanza, utajikuta nje ya akaunti zako mwenyewe. Kadhalika, ukikuta laini ya mwenzio imo kwenye jina lako, mpe haki yake. Kuishikilia ili kumsumbua ni dhulma, na pia ni hatari, kwa kuwa litakalotendwa kwa laini ile litaulizwa kwako.

Baada ya laini, barua pepe. Kwetu sisi akaunti hizi mara nyingi hazifunguliwi na mwenyewe. Simu ilinunuliwa, fundi au mume akafungua barua pepe, akaweka neno la siri alilolijua yeye na namba yake mwenyewe kuwa ndiyo ya kurudishia akaunti. Anayebadili neno la siri peke yake, akaiacha namba ile, amebadili kitasa na kumwachia mwenzake ufunguo wa akiba. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, badili neno la siri, ondoa namba na anwani ya kurudishia ambayo si yako, kisha tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na uvitoe vyote usivyovitambua. Mwisho washa uthibitisho wa hatua mbili. Wenye iPhone wana sehemu ya kukagua usalama, iliyoanza mwaka 2022, inayoonyesha kwa pamoja nani anashirikishwa nini, na mtu aweza kukata yote kwa mara moja.

Kwenye WhatsApp tazama vifaa vilivyounganishwa. Mtu aliyeishika simu yako kwa dakika moja, ulipokuwa ukitawadha, aweza kuwa ameiunganisha na kompyuta yake, na atasoma kila unachoandika kwa miezi maadamu nawe unaendelea kuitumia. Kisha weka ile namba ya ziada ya tarakimu sita. Isiwe tarehe ya harusi, wala mwaka wa kuzaliwa mtoto wa kwanza. Tumeona akina mama wangapi ambao namba yao ya siri ya fedha ni mwaka wa kifungua mimba, na mtaa mzima unaujua! Katika mipangilio ya kufungulia simu, futa alama zote za vidole na uandikishe upya cha kwako, kwani simu huhifadhi vidole zaidi ya kimoja na cha mumeo huenda kimo. Piga pia *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine; zikiwa zinaelekezwa, ##002# huondoa. Na uangalie kama ramani ya simu bado inamwonyesha mwenzio mahali ulipo.

Picha tunazizungumza peke yake, kwa sababu hapa ndipo heshima ya nyumba ilipo. Mke hujipamba kwa mumewe, hupiga picha akiwa kichwa wazi, pengine na zaidi ya hapo. Picha hizo zimehalalishwa na ndoa, na ndoa ikiisha hakuna aliye na haki ya kuzitazama, achilia mbali kuzionyesha. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri hadithi inayomtaja mtu anayeingiliana na mkewe kisha akaitangaza siri yake kuwa ni katika walio na daraja mbaya zaidi Siku ya Kiyama. Tungependa masheikh wanaosimamia talaka wamtake kila upande afute picha za mwenzake mbele ya shahidi, bila shahidi kuziona. Lakini kufuta kwenye simu hakutoshi. Programu nyingi za picha huhifadhi nakala kwenye akaunti ya mtandaoni, na baadhi huruhusu mwenza kushirikishwa kila picha mpya moja kwa moja. Mpangilio huo ukatwe leo. Asiyeogopa Siku ya Kiyama na aogope mahakama: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 imetaja waziwazi kosa la kusambaza picha za faragha za mtu.

Tuna tahadhari moja kwa dada aliyeachwa na mume mwenye kupiga. Asibadili kila kitu usiku mmoja akiwa bado chini ya dari moja naye. Mtu wa namna hiyo akikuta milango yote imefungwa ghafla aweza kudhuru. Dada huyo atangulie kuzungumza na walii wake au mama yake kwa simu ya mtu mwingine, apate mahali pa salama, kisha ndipo afunge. Vitisho alivyoandikiwa asivifute, avipige picha na kuvihifadhi kwa mtu anayemwamini. Vivyo hivyo ujumbe wa fedha za matumizi ya watoto, uliotumwa na usiotumwa, usifutwe na upande wowote. Kadhi au hakimu atauliza mwezi gani kilitumwa nini, na kumbukumbu ya simu itasema bila hasira.

Wamebaki watoto. Kishikwambi wanachochezea mara nyingi kimefunguliwa kwa akaunti ya baba au mama, na kikienda wikiendi kwa upande wa pili, kinakwenda na barua na picha za mwenyewe. Wafungulieni akaunti yao, ijulikane na wazazi wote wawili. Asiambiwe mtoto, "Nenda kaniangalizie simu ya baba yako." Baba naye asimnunulie simu binti yake ili ajue mama yake amekwenda wapi. Ikiwa mtoto ni mkubwa kiasi cha kuwa na simu, namba za wazazi wote wawili ziwe ndani yake, na atakayepigiwa apokee.