Sifa Mpya za Kitu: Uhuru Wenye Kipimo

Wako walimu wasemao kwamba utungaji wa programu za tovuti si somo la mtoto wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, wala wa Masasi, hasa pale shule isipokuwa na kompyuta hata moja. Sisi hatukubaliani nao. Msingi wa somo hili waweza kufundishwa kwa kadi na kalamu, na mfano tunao nyumbani, nao ni korosho.

Chukua kadi, uiite "mzigo". Andika sifa mbili: mkulima na kilo. Hicho ndicho watunzi wa programu wakiitacho kitu. Mzigo ukikaguliwa ghalani, hujulikana daraja lake. Basi mwanafunzi na aongeze mstari wa "daraja". Katika lugha ya JavaScript, iliyotolewa mwaka 1995, kuandika mzigo.daraja = 1 kwatosha. Kama sifa hiyo haikuwapo, huumbwa papo hapo.

Aghalabu somo huishia hapo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo linapoanza. Tuseme kilo zilizoandikwa ni 60, kisha zikasahihishwa kuwa 85. Mtoto, kwa kuchanganya r na l, aandika mzigo.kiro = 85. Kompyuta haimkemei. Huumba sifa mpya, "kiro", na ile "kilo" hubaki 60. Mkulima atapunjwa kilo 25, wala hapana aliyeona kosa.

Lugha ya PHP nayo iliruhusu jambo hili kwa miaka mingi. Toleo lake la 8.2, la mwaka 2022, lilianza kutoa onyo kila inapoumbwa sifa isiyotangazwa katika kiolezo, yaani orodha ya sifa iliyoandaliwa kabla. Uhuru huo ulikuwa umeficha makosa mengi mno.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mtarajiwa, hatukushauri kuwakataza watoto kuongeza sifa. Maana daraja la korosho halijulikani kabla ya ukaguzi. Twashauri mambo matatu. Kwanza, darasa likubaliane juu ya sifa na kuziandika ubaoni. Pili, atakaye kuongeza nyingine aeleze sababu mbele ya wenzake. Tatu, wewe mwenyewe upenyeze kosa moja la tahajia, watoto walitafute.

Mtoto aliyeona kilo 25 zikipotea kwa herufi moja atakuwa mwangalifu, awe mbele ya kompyuta au mbele ya mizani.