Weka Kidole Kwenye Mstari

Leo sina tangazo la michango wala la ratiba ya Misa. Nataka tuzungumze habari ya watoto wetu na kusoma, maana hapa ofisini kwangu Busunzu limetokea jambo ambalo limeninyima usingizi siku mbili tatu.

Ilikuwa Jumanne, mvua imekatika kidogo. Akaja bibi mmoja mjane wa kitongoji cha mbali, pamoja na mjukuu wake wa darasa la sita. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa ndani ya kipande cha nailoni. Tukaamkiana, nikampa kiti. Akasema, "Karani, mwanangu, nisaidie kuandika barua. Nataka kumwomba jirani aniachie japo hatua ishirini za shamba nipande maharage."

"Shamba lipi, mama?"

"Lile la bondeni. Nililiuza nilipouguliwa na mzee wangu. Mimi nilidhani nimempa alime tu kwa muda, lakini yeye asema niliuza. Karatasi hii hapa. Tumeisoma nyumbani, na mjukuu wangu kasema ndiyo, niliuza."

Nikamgeukia kijana. "Hebu soma tusikie." Akasoma. Loo, alisoma vizuri! Sauti safi, kila penye nukta anasimama, hakukwama hata neno moja. Kama ningalikuwa bado mwanafunzi wa ualimu kule Kasulu, ningempa alama zote. Alipomaliza nikamwuliza, "Basi, karatasi yasemaje?" Akajibu mara moja, "Bibi aliuza shamba."

"Vema. Niwekee kidole mahali palipoandikwa kuuza."

Kidole kikaanza safari. Kikapita juu penye tarehe, kikashuka katikati, kikafika chini penye alama ya dole gumba la bibi na majina ya mashahidi. Kikapanda tena. Neno kuuza halikuwamo. Lililokuwamo ni kukodisha, na baada yake maneno misimu miwili. Na kijana yule alikuwa amelitamka neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yangu, muda mfupi tu uliopita, wala halikumgusa! Kwa nini? Kwa sababu alikwisha kumsikia jirani akisema uani kwamba shamba limeuzwa. Macho yake yalisoma karatasi, lakini jibu lake lilitoka uani.

Bibi hakusema neno. Alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa. Barua ya kuomba hatukuiandika.

Sasa, wazazi, msiniambie kijana huyo ni mjinga. Hasha. Sisi watu wazima ndio tuliomfundisha hivyo. Mimi mwenyewe, katika mazoezi ya kufundisha, nilisimama mbele ya darasa lililojaa nikauliza, "Sungura alikwenda wapi?" Darasa zima likaitikia, "Kisimaniii!" Nikafurahi, nikapita swali la pili. Sikuwauliza hata mara moja wamejuaje. Huenda mmoja ndiye aliyesoma, na wengine wote wakafuata sauti yake kama mbuzi wanavyofuata kengele.

Mtihani nao hautusaidii sana. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mtihani wa darasa la saba imekuwa ni kuchagua herufi. Mtoto akipaka kiduara cha C, karatasi haimwulizi ameiona wapi hiyo C. Huenda ameisoma habari ile kwa makini, huenda amebahatisha. Kiduara ni kilekile. Kisha anakwenda sekondari, na huko anaambiwa ghafla, toa hoja, na uzithibitishe kwa vitabu ulivyosoma. Uthibitisho ni kitu gani? Hakuna aliyemwonyesha.

Binti mmoja wa kidato cha tatu huja kwangu jioni kunisomea. Tulikuwa na tamthiliya ya marehemu Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ambayo wengi waliopita sekondari wanaijua. Ni habari ya karani aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akatekwa na mapenzi ya binti wa mwenyeji wake, na kazi ya serikali ikaharibika. Nikamwuliza binti, "Hesabu ya watu ilipoteaje?" Akajibu bila kusita, "Kishikwambi chake kiliungua."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini baadaye nikaona jibu lile lina mafundisho. Tulipohesabiwa mwezi wa Agosti 2022, makarani walikuja na vishikwambi, na binti aliwaona kwa macho yake pale mlangoni kwao. Semzaba aliandika tamthiliya yake zamani, na ndani yake karani anabeba karatasi. Kwa hiyo binti aliposoma habari ya karani wa sensa, alimwona yule aliyekuja kwao, wala si yule wa kitabuni. Nikamwambia, "Nitafutie hicho kishikwambi." Akafungua kurasa, akafungua tena, akaanza kucheka mwenyewe. Tangu siku ile hajibu kabla ya kufungua kitabu.

Tukaendelea na swali gumu zaidi: kosa ni la nani, la Ngoswe au la mwenyeji wake? Kwanza aliniambia, "La Ngoswe, kwa sababu mapenzi ni mabaya." Nikamwambia hayo ni mahubiri, si jibu. Nionyeshe Ngoswe alifanya nini, mahali gani, akasema nini. Akarudi kitabuni, akakaa kimya kama nusu saa, kisha akanipa mahali pawili ambapo karani aliacha kazi yake akashughulika na mambo mengine, na mahali pamoja ambapo mwenyeji naye hakuwa safi. Kisha akasema, "Mwalimu, nadhani wote wawili wana makosa, ila la Ngoswe ni zito zaidi." Mimi mwenyewe nadhani vingine kidogo. Lakini nilimpa alama zote, maana aliniwekea mawe matatu mezani, nami ilinibidi kuyainua kabla ya kumpinga.

Kwa kweli kazi hii ya ukarani imenifundisha mambo hayo kuliko masomo ya chuoni. Mtu huja akitaka cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Asema alibatizwa mwaka fulani, na padre fulani, msimamizi wake ni fulani. Namshukuru, namkaribisha akae, kisha nafungua kitabu. Humo mna jina, tarehe, wazazi, msimamizi na padre. Na pembeni huandikwa kipaimara, na ndoa kama amekwisha kuoa. Kijana akiniapia kwamba hana mke, simtazami usoni. Naitazama ile pembeni. Na kitabu nacho kimeandikwa na mtu kama mimi, kwa hiyo chaweza kuwa na kosa. Hapo ndipo tunatafuta mashahidi. Lakini tunaanza na mstari.

Jaribuni jambo moja leo usiku mkiota moto. Waulizeni watoto, na ninyi wenyewe mjiulize: mamajusi waliokuja kumwona Mtoto Yesu walikuwa wangapi? Nyumba nzima itasema watatu. Sasa fungueni Injili ya Mathayo, sura ya pili, mtoto asome polepole na kidole kikitembea. Atakuta zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Atakuta walitoka mashariki. Idadi yao hataikuta. Wala hatakuta kwamba walikuwa wafalme.

Jamani, sisemi muondoe sanamu pangoni wakati wa Noeli! Desturi ya Wakristo tangu kale yasema watatu, nasi tuwaweke watatu. Ninalotaka ni mtoto ajue kutenga: hili nimelisoma, hili nimelisikia. Yote mawili yaweza kuwa ya kweli. Lakini akiulizwa kitabu chasemaje, ajibu kwa kitabu.

Kuna majibu ambayo hayakai katika mstari mmoja, na hapa ndipo walimu wengi tunapochoka mapema. Ile karatasi ya bibi haikusema popote kwamba shamba limekwisha kurudi kwake. Nilimwambia kijana aweke kidole kimoja penye tarehe, na kidole kingine penye misimu miwili. Kisha nikamwambia ahesabu. Akahesabu kwa midomo, akainua uso, akasema, "Misimu imekwisha tangu mavuno yaliyopita." Naam! Hilo halikuandikwa, lakini limetoka katika maandishi, na mtu yeyote akibisha aweza kuonyeshwa vidole viwili vilipokaa.

Baba mmoja nilipomweleza hayo baada ya Misa alinijibu, "Karani, ukiwazoeza watoto kuuliza imeandikwa wapi, kesho watoto wangu wataniuliza imeandikwa wapi kwamba wachote maji." Watu walicheka, na neno lake lina uzito, maana hapa kwetu mtoto hambishii mkubwa. Nami sitaki abishe. Amri ya baba si habari ya kitabuni. Ikitoka, maji yachotwe. Lakini penye karatasi, heshima haizuii mtu kuonyeshwa. Mtoto aseme, "Baba, naomba unionyeshe mahali hapo, nami nijue." Akisema hivyo kwa adabu na mikono miwili, mzee gani atakasirika? Labda yule ambaye mahali hapo hapapo.

Na ninyi wazazi msiojua kusoma, msidhani jambo hili halikuhusuni. Ninyi ndio mnaosomewa kila siku: kadi ya kliniki, barua ya shule, ujumbe wa simu, maandishi ya pakiti ya dawa. Mwulize mtoto, "Wapi?" Aweke kidole. Kisha umwambie, "Soma hapo tu, pole pole, usome tena." Neno atakalolisoma la pili liwe lilelile la kwanza. Kama kidole kinatangatanga, au maneno yanabadilika, jua amejibu kwa kichwa chake. Akisoma Kiswahili kisha akakueleza kwa Kiha, mwache aeleze. Lakini umrudishe kwenye mstari ule ule aseme neno gani la Kiswahili ndilo alilolieleza hivyo. Usimpige wala usimcheke. Mwache atafute.

Pengine mwataka kujua shamba limefikia wapi. Bibi alikwenda na karatasi yake kwa mwenyekiti wa kitongoji, jirani akaitwa, mjukuu akasoma huku akionyesha kwa kidole. Jirani akasema hata yeye karatasi ile alisomewa na mwanawe, naye akaamini hivyo. Mimi niliamini nusu. Walakini alikubali, akaomba avune mihogo yake kwanza, na bibi akampa ruhusa. Maharage ataotesha msimu ujao.

Jumapili iliyopita bibi yuleyule alikuja ofisini na kadi yake ya zaka. Alisimama mbele ya meza yangu, watu wako nyuma yake katika mstari. "Karani, nililipa mwezi uliopita. Wapi?" Nikafungua daftari langu kwa madaha, nikaweka kidole penye jina lake, nikakivuta mpaka kwenye mwezi. Pale mahali palikuwa patupu. Nilipokea fedha nikasahau kuandika. Bibi hakuondoa macho kwenye kidole changu, na watoto waliokuwa dirishani walikuwa wanachungulia. Nikachukua kalamu.