Kompyuta ya Michezo: Fedha Zitangulie Wapi?

Barua imetufikia kutoka kwa mama mmoja wa Majengo, nasi tumeona tuijibu hapa kwa kuwa twajua si yeye peke yake. Mwanawe aliye Kidato cha Tatu amejiwekea shilingi 35,000, chache za Idi na nyingi za kuuza sharubati wakati wa likizo. Mama naye zamu yake ya mchezo yaangukia mwezi ujao, na wakizichanganya fedha zao zitafika 85,000. (Naam, tumeliona hilo la fedha za mchezo kununulia mchezo, bila shaka naye ameliona.) Kijana hataki kompyuta iliyokwisha kuundwa dukani. Ataka kununua vipande kimoja kimoja, aviunge mwenyewe. Mama auliza: je, ni wazimu wa ujana, au mna hoja ndani yake? Na akikubali, atajuaje kwamba hawauziwi mbuzi ndani ya gunia?

Hoja imo. Kompyuta iliyoungwa kwa vipande, kipande kikifa hubadilishwa hicho tu, na vingine vikaendelea. Mashine hiyo hiyo itamfaa kijana kwa masomo, na mama kwa hesabu za biashara yake. Hatari ni moja: anayenunua kipande kisichopatana na vyenzake hubaki nacho mkononi, kwani si kila duka litakubali kukipokea tena.

Kabla ya kutoka nyumbani, kijana aulizwe mambo mawili: atacheza nini, na kwenye skrini gani? Michezo kama Valorant na Counter-Strike 2 haidai mashine ya nguvu nyingi. Cyberpunk 2077 ni habari nyingine kabisa. Na ikiwa skrini ni ya kawaida, ya nukta 1,920 kwa 1,080, yenye kuonyesha picha 60 kwa sekunde, basi kadi iwezayo kuchora 200 kwa sekunde ni sawa na kununua pishi la mchele kwa mgeni mmoja.

Kadi ya michoro ndiyo moyo wa kompyuta ya michezo, na theluthi ya fedha au zaidi kidogo yaweza kwenda huko bila ya majuto. Kwa skrini tuliyoitaja, Radeon RX 6600 iliyotoka mwaka 2021, yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 8, yatosha, nayo hula wati 132 tu. GeForce RTX 3060 ya gigabaiti 12 ni nzuri pia, ila hula 170. Kadi hizi aghalabu hupatikana zikiwa zimetumika. Hapo pana jambo la kujua. Kadi nyingi za miaka ile zilifanyishwa kazi mchana na usiku kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, mpaka tarehe 15 Septemba 2022 mtandao huo ulipoacha njia ya kuchimba, na wenye kadi wakaziuza. Si kwamba zote ni mbovu. Lakini muuzaji atakiwe aiwashe mbele yenu, mchezo ukimbie nusu saa, nanyi msikilize feni na kutazama kama picha inakatikakatika. Akisema hana nafasi ya kufanya hivyo, nanyi hamna fedha za kumpa.

Prosesa haihitaji makuu. Ryzen 5 5600, au hata Core i3-12100F, itaitumikia kadi hiyo vyema. Ile herufi F mwishoni si pambo: ina maana prosesa hiyo haina uwezo wake wenyewe wa kutoa picha, na bila ya kadi skrini itabaki giza. Ryzen 5 5600 nayo ni vivyo hivyo. Ila iko nduguye, 5600G, yenye picha yake ndani, na hapa ndipo tungependa mama atusikilize vizuri. Fedha zikipungua, au mama akiona si haki zamu nzima kuishia hapo, kijana aweza kuanza na 5600G bila ya kadi yoyote. Atacheza ile michezo myepesi, atafanya kazi zake za shule, na kadi itangoja zamu nyingine. Sisi twaipenda njia hii kuliko ile ya kukopa.

Ubao-mama, ule ambao vipande vyote huchomekwa juu yake, ndipo wengi hukosea. Prosesa tulizozitaja za Ryzen hukaa kwenye soketi iitwayo AM4, na kumbukumbu yake ni DDR4. Soketi ya AM5, iliyoanza mwaka 2022, hukubali DDR5 peke yake. Prosesa ile ya Intel hukaa kwenye LGA1700, na mbao zake ziko za DDR4 na ziko za DDR5, hivyo lazima jina la ubao lisomwe lote. Pengo lililo kwenye kijiti cha DDR4 haliko mahali pamoja na la DDR5. Ukikisukuma kwa nguvu utavunja. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 yatosha, nayo inunuliwe kwa vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwani vikiwa viwili husafirisha habari kwa njia mbili. Diski iwe SSD. Hilo halina mjadala.

Sasa kile kisanduku cha chuma ambacho mafundi wakiita pawasaplai. Miaka michache iliyopita mpwa wetu alipojiundia yake, fedha zilimwishia kwenye kadi. Akanunua pawasaplai ya bei ya chini kabisa, iliyoandikwa wati 600 kwa herufi kubwa na nyepesi mkononi kama kopo tupu la maziwa. Ilimhudumia miezi mitatu. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na chumba kikanuka mpira ulioungua. Ingelikufa peke yake tungelisema ni bahati mbaya. Ilikufa na ubao, na diski iliyokuwa na picha zote za harusi ya dadake, ambazo hazikuwa zimehifadhiwa pengine. Hadi leo nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi kwa kicheko.

Tulichojifunza ni kusoma kibandiko cha ubavuni. Tafuta mstari wa volti 12, tazama ampea zake, kisha zidisha kwa 12. Ile ya mpwa wetu iliandikwa ampea 20, yaani wati 240, na hizo 600 zilikuwa za jina tu. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 hutoa ampea 45 hivi kwenye mstari huo. Kompyuta tunayoizungumzia haitafika wati 300 ikicheza, basi 550 yatosha. Asiwashawishi mtu kununua 850. Alama ya 80 Plus ni nzuri, lakini yaeleza umeme unavyotumika bila ya kupotea, haisemi chochote juu ya kinga. Dhamana ya miaka ndiyo yenye kusema. Na penye nafasi, iongezwe UPS, impe kijana dakika chache za kuzima kwa utaratibu. UPS ya VA 650 si ya wati 650. Aghalabu ni kama 360 hadi 390.

Kasha liwe na matundu mbele na feni ya kutoa joto nyuma, hata kama halipendezi kama lile la vioo na taa za rangi. Pwani yetu ina joto, unyevu na chumvi hewani, na kompyuta iliyowekwa sakafuni dirishani mkabala na bahari hupata kutu na vumbi kwa pamoja. Iwekwe mezani, isafishwe kwa brashi laini kila baada ya miezi mitatu.

Mama ameuliza pia kuhusu tokeni. Kwa wati 300, saa tatu za kucheza hula sehemu 9 kati ya 10 za yuniti moja. Azidishe mwenyewe kwa siku za likizo, halafu apatane na kijana ni nani atakayezilipa.

Siku ya kuunga, wapewe meza nzima baada ya chakula cha mchana, ndugu wadogo wakae mbali, na bisibisi iwe ya msalaba yenye sumaku. Kijana aguse chuma cha kasha kabla ya kushika ubao, ili umeme tuli wa mwilini usiuharibu. Na ikiwa wamenunua kadi, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao. Tunawajua watu wazima waliorudi dukani kugombana na muuzaji, kumbe waya ulikuwa tundu la pili.