Mzee wa Ithembo Si Mganga

Mjapani anayehudumu katika hekalu la Kishinto huitwa kannushi. Kami ni mungu au roho. Nushi ni bwana, mwenyewe. Mwandishi wetu wa Kiswahili akimkuta ataandika "kuhani", na hakuna atakayeshtuka. Sasa mlete mwandishi huyohuyo hapa Kola, umwonyeshe mzee anayeongoza sadaka ya mbuzi chini ya mũumo wakati mvua imekataa. Ataandika mganga. Akiwa na haraka, mchawi.

Kwa nini? Wote wawili wanatunza mahali patakatifu, wanatoa sadaka, wanaombea watu. Na Kikamba hakichanganyi mambo haya. Mahali pale ni ithembo, na wenye kupasimamia ni atumia ma ithembo. Mũndũ mũe ni mwingine: huyo hupiga ramli na kutibu. Mũoi ndiye mchawi, na hakuna anayemwita aje kuomba mvua! Kiswahili chetu kinawakoroga wote kwenye sufuria moja, halafu kinawabandika kwenye nguzo ya stima pamoja na tangazo la mganga kutoka Kitui.

Mganga lenyewe si tusi. Tanzania, Mganga Mkuu ni daktari wa serikali. Lakini hapa kwetu tunajua linavyotamkwa.

Na nisiambiwe eti hakuna neno lingine. Kuhani tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako kahini wa kabla ya Uislamu alikuwa mpiga ramli. Huyo tulimpandisha cheo bila shida, tukamkabidhi Haruni kazi yake. Waliotafsiri Biblia kwa Kikamba waliandika mũthembi, mzizi uleule wa ithembo. Yaani Jumapili Haruni ni mũthembi, Jumatatu mzee wetu ni mganga. Ajabu, bana.

Jambo hili si la kamusi tu. Sheria ya Uchawi ya 1925, tuliyoachiwa na mkoloni, inamtishia kifungo anayejidai kuwa mganga wa kuogofya watu. Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa tu uchawi. Mzee akishabandikwa jina hilo, siku mtoto wa jirani akiugua ataanza kuangaliwa kwa jicho lingine.

Kwa hivyo, wahariri, andikeni kuhani. Au andikeni mũthembi, bila alama za dhihaka. Kannushi mnamweleza kwa mstari mmoja na msomaji anaelewa. Mstari huo tunauomba na sisi.