Paris Twaijua, Kondele Je?

Mwulize kijana yeyote wa Mombasa au wa Malindi akutajie njia mashuhuri ya mji wa Paris, hatasita. Atakutajia Champs-Élysées, pengine kwa matamshi ya kuchekesha, na atakueleza kuwa huko ndiko wapenzi wanakotembea wameshikana mikono, wakanywa kahawa kando ya barabara hadi jua likachwa. Hajafika, wala nauli ya kufika hana. Kisha mwulize habari za Kondele, Kisumu, ambako nauli yake ni ya basi tu. Atakunja uso. Atakwambia: mawe, matairi ya moto, vitoza machozi.

Nauliza: ni nani aliyemfundisha yote mawili?

Mimi sina ugomvi na Paris. Mji mzuri ni mzuri, na mwenye macho haambiwi tazama. Ila nataka tuijue vyema kabla hatujaifanya kipimo cha kuwapimia wenzetu. Zile njia pana zilizonyooka kama uzi, zenye miti huku na huku, hazikuzaliwa na mapenzi. Katikati ya karne ya 19 Paris ilikuwa mji wa vichochoro vyembamba, na wakazi wake walikuwa na desturi yao: wakikasirika hung'oa mawe ya barabarani, hupindua magari ya farasi, na kuziba njia. Walifanya hivyo mwaka 1830, wakarudia 1848, na mara zote mbili mfalme akaondoka. Alipokuja kutawala Napoleon III alimkabidhi mji Baron Haussmann, naye tangu 1853 hadi 1870 akawa anabomoa na kujenga, kujenga na kubomoa. Watu wengi, hasa maskini, walivunjiwa nyumba wakasukumwa pembeni ya mji. Sababu zilikuwa nyingi: hewa safi, mifereji ya maji machafu, fahari ya mtawala. Mojawapo ni kwamba njia pana ni taabu kuiziba, na askari hupita upesi. Hata hivyo waliziziba tena mwaka 1871, na mwezi Mei wa mwaka huo waliuawa maelfu ya watu katika njia hizo hizo.

Huo basi ndio mji wa mahaba. Kwa mawe na kwa moto, Kondele ni mwanafunzi tu mbele yake.

Ila Paris, mawe yalipotulia, ilipata wachoraji, washairi, waimbaji na wapiga picha wa kuisimulia jioni yake. Imesimuliwa mpaka wageni wakaanza kufunga kufuli za mapenzi katika daraja la Pont des Arts. Mwaka 2014 sehemu ya uzio wa daraja ikaanguka kwa uzito, na mwaka uliofuata zikaondolewa tani zipatazo 45 za chuma. (Mapenzi ya kupimwa kwa tani, wallahi, sisi hatuyajui.) Kondele nayo hupelekewa mpiga picha siku matairi yanapowaka. Yakizimika, naye hufunga kamera yake akarudi alikotoka.

Mimi Kisumu nimeitembea kwa miguu, tena si mara moja, na nadhani msomaji wa pwani ana haki kuliko wengine ya kuitembea, kwa kuwa njia ya kwendea huko ilianzia kwetu. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikalifikia ziwa Desemba 1901, na mahali ilipokomea pakaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Pamoja na reli walikwenda wafanyabiashara, mafundi na walimu wa chuo. Msikiti wa Jamia ulioko njia ya Otieno Oyoo, wenye rangi za kijani na nyeupe, ulijengwa mwaka 1919. Mnara wa saa wa mjini ulizinduliwa 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871. Na Kaloleni ya Kisumu, si Kaloleni yetu ya Giriama, ni mtaa wa Waislamu wa tangu zamani. Kwa hiyo anayesema huko ni ugenini mtupu hajui anenalo.

Toka hapo mjini, ushike barabara ya Jomo Kenyatta, upite soko la Kibuye, ambalo Jumapili hujaa mpaka mtu akakosa pa kuweka mguu, na uendelee kupanda. Usipande tuktuk. Ukifika Kondele utaliona daraja kubwa la barabara ya juu, na chini yake na pembeni mwake ndiko mambo yaliko. Mtaa wa jirani, sikia jina lake, huitwa Manyatta Arab.

Fika jioni, baada ya Magharibi. Mchana Kondele ni njia panda tu ya kwenda Kakamega. Jua likishatua, wauza mitumba hutandaza nguo zao chini, wauza viatu huvipanga jozi kwa jozi kama safu za swala, taa zinawashwa moja moja, na mafuta huanza kulia karaini. Wenye bodaboda wanakuita "mzee" hata kama ndevu zako bado nyeusi. Mama mwenye omena ameirundika kama kichuguu na anaipima kwa gorogoro. Ukimpa salamu ya Kijaluo hata kwa kukosea, atakuongezea konzi ya bure. Kiswahili chao si cha Mvita, ngeli wanazivunja bila huruma, lakini sijapata kuona mtu akishindwa kununua wala kuuza kwa sababu ya ngeli. Ngoma unaisikia kutoka kila upande. Nchi hii ya ziwa ndiyo ya benga, na D. O. Misiani aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania, aliiimba mpaka alipofariki Kisumu mwaka 2006.

Lakini kitu kilichonisimamisha mimi ni samaki. Mbuta alitiwa katika ziwa lile miaka ya 1950 na 1960. Akakua, akawala wengine, akawa biashara kubwa. Viwanda humchuna minofu, na minofu hiyo hutiwa barafu ikasafirishwa, sehemu yake nzuri ikaenda Ulaya. Kinachosalia ni kichwa na mfupa wenye ukakasi wa nyama. Akina mama wa Obunga, mtaa ulio jirani na Kondele, huununua mfupa huo, wakaukausha na kuukaanga, na watu wa huko wameupa jina: mgongo wazi. Sasa fikiri. Yule aliyeketi kwa mshumaa katika mkahawa wa Ulaya pengine analetewa mnofu kwenye sahani nyeupe, na mgongo wa samaki yule yule unauzwa juu ya gunia chini ya daraja la Kondele. Njia hizi mbili hazikuwa mbali kama tulivyodhani.

Sisemi Kondele haina machungu. Karibu yake iko hospitali ambayo mpaka leo wenyeji huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Siku ilipofunguliwa, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga walirushiana maneno mbele ya umati, risasi zikalia, watu wakafa, na siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku. Yakaja ya 2007 na 2008, yakaja ya 2017, na Novemba 2021 msafara wa William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, ukarushiwa mawe papo hapo Kondele. Mwaka 2023 ikawa maandamano ya ugumu wa maisha. Hayo yameandikwa, na ni wajibu kuandikwa. Ninacholalamikia ni kwamba yameandikwa peke yake. Siku ya ghasia yule mama wa omena hafungui, na siku ya pili mgeni haji kwa kuwa amesoma. Hasara yake ni mara mbili, na ya pili tunaitia sisi wenye kalamu.

Najua nitaambiwa: Kondele ni mahali pa mabaa, Mwislamu atafuata nini? Nami nitauliza: Paris wanauza maziwa? Mbona mnara wa Eiffel, uliojengwa 1889, nimeuona katika kalenda ukutani mwa nyumba za watu wa dini, tena ukumbini, na hakuna aliyesema neno? Mwenye kutaka baa ataipata hata Makadara. Asiyetaka atapata chai ya maziwa, chapati, na samaki aliyekaangwa mbele ya macho yake.

Tena sisi wa pwani ndio wenye udhuru mdogo kuliko wote. Muyaka bin Haji alikufa mwaka 1840, na mpaka leo Mombasa ya wakati wake, bei zake, vita vyake na mizaha ya watu wake, twaijua kupitia beti zake. Mji ule haukuwa na amani kuliko Kisumu. Ulikuwa na mshairi aliyekaa nao. Malenga vijana wa leo wanaoniletea tungo za theluji na waridi jekundu hawajaiona theluji hata siku moja. Nimewaambia, na nitawaambia tena, wakate tikiti ya basi la Kisumu. Wakifika wasiishie ufukweni Dunga kupiga picha za machweo, wapande mpaka Kondele, waketi kwenye benchi la muuza chai tangu Magharibi hadi saa nne, na daftari mkononi. Gorogoro la omena wanaweza kuniletea, fedha nitawarudishia.