Ajali ya magari mengi Marekani: "kosa la nani?" halina jibu moja

Gari zikigongana Dubai, polisi hufika, hutazama, na haichukui muda kila mtu anashika karatasi yake: nyekundu kwa mwenye kosa, kijani kwa asiye na kosa. Maskati nako, kwa ajali ndogo, madereva wenyewe hujaza fomu na mmoja hukubali kuwa kosa ni lake. Tumezoea hivyo. Basi simu ikiingia kutoka Louisville, Columbus au Buffalo, kwamba kijana wetu kagongwa barabara kuu na gari sita saba zimepandana, sote tunauliza lilelile: polisi wamesema kosa la nani?

Kule swali hilo halina uzito tunaoudhani. Polisi huandika ripoti, na huweza kumtoza mtu faini, lakini nani amlipe nani si neno lao. Kwanza kampuni za bima huvutana. Zikishindwana, kesi huenda mahakamani mbele ya hakimu na raia wa kawaida waliochaguliwa, mfano wa wazee wa baraza. Hawa hawatafuti mkosaji mmoja. Hugawa kosa kwa asilimia baina ya wote waliohusika mpaka ifike mia, na kijana wetu naye hupewa fungu lake kama analo.

Chukua ajali ya 14 Novemba 2023 katika barabara ya I-70, Etna, mashariki ya Columbus. Foleni ilikuwa imejengeka kwa sababu ya ajali nyingine mbele. Lori likaja kwa nyuma bila ya kupunguza mwendo, na gari tano zikaingiliana, likiwemo basi la kukodi lililochukua wanafunzi wa sekondari. Walikufa watu 6: wanafunzi 3 ndani ya basi, na mwalimu pamoja na wazazi 2 waliokuwa wakisafiri nao kwa gari ndogo. Mtu atasema hapa pana hesabu gani, si dereva wa lori tu? Kwa upande wa jinai, sawa. Lakini katika fidia mawakili huuliza mengi zaidi: mwajiri alimchunguza dereva kabla ya kumpa lori? Ratiba ilimruhusu kulala? Waliosababisha ajali ya mwanzo wana fungu? Na liko jambo litakalowashangaza wengi. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, huchunguza ajali kama hizi kwa undani sana, lakini sheria ya Marekani hairuhusu ripoti yake itumike kuwa ushahidi katika kesi ya fidia. Kila upande utafute wake.

Sasa hesabu yenyewe, na mniwie radhi, nimeshika chaki miaka mingi. Tuseme hasara ya kijana wetu, hospitali na kila kitu, ni dola 100,000, na amepewa asilimia 60 ya kosa. Louisville, kwa sheria ya Kentucky, atapata dola 40,000. Buffalo pia 40,000, ila kwa maumivu yake hawezi kudai mpaka jeraha lifike kiwango ambacho sheria ya New York inakiita kikubwa. Columbus? Hapati hata senti. Ohio inasema kosa lako likizidi la wengine wote kwa jumla, umekosa. Akipewa asilimia 50 anachukua dola 50,000. Akipewa 51, sifuri. Asilimia moja imekula elfu hamsini! Ndiyo maana maofisa wa bima Columbus humpigia mgonjwa simu angali kitandani, wakimuuliza kwa upole alikuwa anakwenda mwendo gani.

Kuna na suala la nani hasa atatoa fedha. Kentucky kila mmoja hulipa fungu lake tu. Mwenye asilimia 70 akiwa na bima ndogo ya dola 25,000, ambayo ndiyo kima cha chini kwa mtu mmoja, lililobaki mara nyingi ni la kusamehe. Ohio, aliyezidi asilimia 50 anaweza kubebeshwa gharama zote za hospitali na mishahara iliyopotea. New York katika ajali za gari ni kali zaidi: mmoja wao anaweza kudaiwa zote. Na lori la mizigo linalovuka majimbo halina bima chini ya dola 750,000, basi macho yote huelekea kwenye lori. Vijana wetu wanaoendesha malori huko wayajue haya kabla hayajawafika.

Ushahidi mkubwa katika magari yaliyofuatana ni mshindo. Gari ya mbele ikisikia mshindo mmoja, ina maana ya kati ilikuwa imesimama ikasukumwa, na dereva wake kwa kawaida hana kosa. Ikisikia miwili, ya kati iligonga kwanza, kisha ikagongwa. Neno hilo liandikwe siku ileile, kabla ya kumbukumbu kuchanganyika. Na rekodi ya saa za dereva wa lori, kampuni inalazimika kuitunza miezi 6 tu. Wakili aandike barua mapema ya kutaka isifutwe.

Halafu kuna "samahani" yetu. Sisi tukigongana tunashuka, tunapeana mikono, tunasema samahani ndugu yangu, kadari ya Mungu. Ni adabu njema, lakini ofisa wa bima huiandika kuwa ni kukiri kosa. Mwambieni kijana aulize watu kama wamesalimika, atoe leseni na bima yake, basi.

Muda nao hautofautiani kidogo. Buffalo, fomu ya bima inayolipa hospitali bila ya kuuliza kosa, hadi dola 50,000, hupelekwa ndani ya siku 30. Louisville ipo ya namna hiyo, dola 10,000. Columbus hakuna inayolazimishwa. Kesi ya majeraha: Ohio na Kentucky miaka 2, New York 3. Ikiwa gari mojawapo ni ya serikali ya mji, kama zile za kusukuma theluji Buffalo, taarifa ya madai itolewe ndani ya siku 90.

Kwa aliyefikwa na msiba, wazee wetu huuliza diya. Hakuna diya huko. Ohio huhesabu uchungu wa wazazi na ndugu katika fidia. New York huhesabu fedha tu ambazo marehemu angewaletea wake. Bunge la jimbo limepitisha mabadiliko ili huzuni nayo ihesabiwe, na Gavana Hochul ameyakataa zaidi ya mara moja tangu 2023.